Jeep ya Kitanda Kimoja

Vijana wa garage, nasikia siku hizi mteja anawaletea jeep ya zamani, ile ambayo baba yake aliiacha chini ya mti wa avoka, halafu anawaambia: «Muniwekee kitanda ndani, na jiko, na tanki ya maji, nataka kwenda kulala porini na marafiki.» Kulala porini kwa kupenda! Nilipoambiwa hivyo nilicheka mpaka meno yangu ya mbele, yale mawili yaliyobaki, yakatikisika. Sisi tulilala porini kwa sababu barabara ilitukatalia kufika. Kati ya Butembo na Beni tu, pale mnapopita leo na pikipiki chai ikiwa bado moto tumboni, wakati wa vita nililala siku nne. Sawa, siku mbili. Mais zilikuwa na uzito wa nne.

Lakini kazi ni ileile, na mimi njo fundi aliyeweka vitanda ndani ya jeep nyingi kuliko mtu yeyote kutoka Lubero mpaka kwenye mpaka wa Ituri. Hakuna anayebisha, juu wale ambao wangeweza kubisha wamekufa ao wamehamia Uganda. Tena nina diplome. Nilisoma cours du soir miaka mitatu, jioni baada ya kazi, taa ya petroli ikininyonya macho, na mwalimu wa hesabu alisema hajawahi kuona mwanafunzi kama mimi. Hakueleza kama ni kwa uzuri. Donc sikilizeni.

Jeep ya zamani ikiingia, usianze na kitanda. Lala wewe kwanza chini yake. Chukua nyundo ndogo, gonga shasi kutoka mbele mpaka nyuma, utegeshe sikio. Chuma kizima kinaimba, chuma kilichooza kinakohoa. Kisha angalia resori, zile bapa za chuma zinazobeba mgongo wa gari. Mteja atataka umwongezee bapa tatu ili jeep isimame juu na wasichana waione kutoka mbali. Mwongezee moja, ya nyuma, basi. Gari gumu kupita kiasi linarusha magurudumu hewani, na gurudumu lililo hewani halisukumi kitu. Maji weka chini, katikati ya gari. Maji juu ya paa ni kama mlevi uliyembeba mabegani: kila kona anakuvuta upande wake. Na ule mrija mdogo wa kupumulia juu ya ekseli, uvute mpaka karibu na paa. Kama sivyo, siku utakapovuka mto, mafuta yako yatatoka huko yamegeuka chai ya maziwa.

Kitanda cha kwanza nilimtengenezea Mama Kavira, mfanyabiashara wa mawese na maharage, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha camion kwenye mteremko. Alikuwa amechoka kulala juu ya magunia. Aliniambia: «Fundi Kakule, mi hapana mbuzi. Unitengenezee chumba.» Nikamtengenezea chumba. Bati pande zote, mlango wa chuma, kufuli la ndani. Mbu mwenyewe angeomba ruhusa kuingia. Nilisahau jambo moja, kwamba mtu anapumua.

Aliporudi safari, nusu ya mtaa ilitoka kumsikiliza.

«Kakule! Ulinipika!»

«Mama, pole. Kumbe ulifunga mulango?»

«Nilifunga juu wewe ulisema nifunge! Mvua inanyesha ndani, nafungua, inje kukavu! Ile mvua ilitoka wapi?»

«Ilitoka kwako, Mama. Ni pumzi yako.»

«Mi njo natoa mvua? Basi uandike pale kwa mulango: humu muko Mungu.»

Yeye alicheka wa kwanza, nami nikapona. Tangu siku hiyo natoboa matundu mawili: moja chini upande wa miguu, moja juu upande wa kichwa, kila moja na kikofia chake cha kuzuia mvua. Hewa ya baridi iingie chini, ya moto itoke juu. Andikeni hiyo, ni ya bure.

Aliyenifundisha kazi ni Muzee Paluku. Jicho moja lilikuwa limeharibiwa na moto wa soudure, ule wa kuunganisha chuma, lakini lile lililobaki lilitosha watu wanne. Muzee alipenda bulon, zile boliti za kukaza kwa spana. Kila kitu alikifunga kwa bulon, kitanda, kabati, hata kikapu cha kuku wa mkewe. Sisi wa wakati wa vita tulimwacha na bulon zake. Juu ya nini? Juu ya barière. Kila mita mia mbili kulikuwa kamba imevuka njia, na kila askari aliyeshika kamba alikuwa na ufunguo wa bulon namba kumi na tatu mfukoni. Ukisimama uongee na mkubwa, mdogo yuko nyuma anafungua kiti. Nilimwona kwa macho yangu mtu aliyerudi kutoka Mangina akiendesha jeep yake huku amekaa juu ya sufuria.

Basi wateja wakaniambia: «Kakule, usude yote.» Nami nikasude yote, chuma kwa chuma, kwa moto: kitanda, tanki, kabati, sanduku la vyombo. Kwenye ukuta wa garage nikaandika kwa rangi nyekundu: KISICHO NA BULON HAKINA MWIZI. Muzee Paluku akapita, akasoma polepole kwa lile jicho lake.

«Umeandika muzuri,» akasema. «Mais mwenye mali pia hataweza kutoa kitu.»

Nikacheka. Nilikuwa na kazi nyingi, sikuwa na wakati wa wazee.

Sasa niwaeleze jeep yangu mwenyewe.

Mke wangu aliitwa Katungu. Alikwenda Eringeti kumtunza mama yake, ambaye alikuwa ameteleza shambani akavunjika nyonga. Alisema atakaa majuma mawili. Halafu vita ikasogea upande wa Ituri, magari yakapungua, majuma mawili yakawa miezi miwili. Nyamuhanga, Muumba wetu, hakutupatia mtoto, kwa hiyo Katungu alipoondoka tulibaki nyumbani wawili, mimi na saa ya ukutani, na saa nayo ikasimama. Nilikuwa napika maharage ya watu wawili kwa mazoea, halafu nakula ya watu wawili kwa huzuni. Nilinenepa kwa upweke, vijana. Ni kitu ambacho madaktari hawajui.

Siku moja dereva wa camion ya mbao akanipitia garage na ujumbe. «Madame anasema hivi: kuja utuchukue, mimi na mama. Kuja na kitu chochote.»

«Umwambie angoje kidogo,» nikamjibu. «Niko namutengenezea nyumba yenye magurudumu.»

Nilikuwa nimenunua jeep kuukuu, injini nzuri, mwili wa kuhurumiwa. Ningeweza kuweka mabenchi mawili nyuma, kazi ya nusu siku, kesho yake niko njiani. Ningeweza hata kupanda ile camion ya mbao. Mais mimi nilikuwa fundi mkubwa! Ningemwendea mke wangu na mabenchi, kama watu wanaokwenda kuzika? Nilitaka akiiona asahau vita. Nikaweka kitanda chenye godoro. Kushoto kabati la sufuria, kulia kabati la chakula, yote mawili mpaka kwenye paa. Tanki ya maji chini, na robine ya shaba. Mahali pa kiti cha pili, mbele, nikasude sanduku la vyombo na batri ya akiba. Nikashona rido, pazia la maua, kati ya dereva na kitanda.

Yule dereva akarudi mara ya pili. «Madame anauliza kama nyumba imefika kwa dirisha.»

Tukacheka naye, tukanywa kasikisi, pombe yetu ya ndizi. Nikapaka rangi ya pili.

Mnaniuliza mama mkwe ningemweka wapi? Sijui. Sikufikiria, huo ndio ukweli. Kitanda nilikipima kwa mwili wangu, juu kila jioni nilikilalia kukijaribu, na kila jioni nilikuwa peke yangu. Majuma matano.

Kutoka Beni kwenda Eringeti, baada ya Oicha, palikuwa na tope ambalo tuliliita Mkwe-Hapiti. Camion sita zilikuwa zimekwama. Desturi ya tope, ninyi hamkuikuta, ilikuwa hivi: wote wanachimba pamoja, na wakimaliza kuchimba wanakula pamoja. Huyu ana bugali, yule ana sombe, mwingine ana chumvi tu, na mwenye chumvi tu anakula sawa na mwenye nyama. Sisi tulipata marafiki wengi pale kuliko kanisani.

Waliponiona na rido la maua wakapiga kelele: «Papa Hôtel! Kuja tukule!»

«Wasingya, asante,» nikawajibu, «niko na yangu.»

Nikaingia, nikafunga mlango, nikakunjua meza, nikala maharage yangu juu ya kitanda changu kikavu. Nje walikuwa wanacheka, sijui walicheka nini. Nilitega sikio kwenye tundu la hewa kusudi nisikie, sikushika neno. Kipindi kile nilikuwa na kila kitu ambacho mtu anahitaji njiani.

Asubuhi nilijaribu kupita. Jeep, kwa uzito wa ufundi wangu, ikazama mpaka mlangoni. «Hôtel imezama!» wakaimba, na watu kumi na wawili wakaja wakanivuta kwa kamba, wakiniuliza kama chumba kina mtazamo mzuri.

Eringeti niliikuta imejaa. Watu walikuwa wanateremka kutoka upande wa Ituri na magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba, watoto mgongoni. Katungu alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya mama yake. Alikuwa amekonda. Nikashuka kama waziri, nikafungua mlango wa nyuma, nikasubiri uso wake.

Aliangalia kitanda. Aliangalia kabati, la kushoto, la kulia. Akaja mbele, akaangalia sanduku la vyombo.

«Kiti iko wapi?»

«Ile iko sanduku. Na batri ya pili.»

«Kakule, mama hawezi kukunja miguu, atalala. Donc kitanda imeisha. Na hawa?»

Nyuma yake walikuwa wamesimama jirani yao Kahambu, na mtoto wa siku tatu kifuani, watoto wake wawili wengine, na baba yake mzee, ambaye kikohozi chake kilikuwa kikubwa kuliko yeye. Askari walikuwa wamepita asubuhi wakisema ikifika jioni njia itafungwa.

«Toa tanki,» Katungu akasema.

«Haitoke. Niliisude.»

«Kabati basi.»

«Nayo.»

«Sanduku?»

«Nayo. Juu ya barière, unajua...»

Nikachukua msumeno wa chuma. Nilikuwa na kisu kimoja cha msumeno. Nilianza na mguu wa kabati, nikakata nusu saa, jasho likinitoka machoni, na kazi yangu ikanikatalia, juu ilikuwa kazi nzuri. Kisu kikavunjika. Eringeti nzima hapakuwa na umeme wa kuwasha hata redio. Nikapiga kwa nyundo, kabati likaimba. Chuma kizima.

Katungu akaenda kwenye tanki. Halafu akafungua robine, akajaza kikombe, akanywa, akafuta mdomo.

«Robine yako iko muzuri,» akasema. Aliita wale wapita-njia waje wanywe, wakaimaliza tanki yote. Kisha akasema, si kwa hasira, na afadhali ingekuwa hasira: «Ulijenga nyumba muzuri, Kakule. Mais ni ya mutu moja.»

Ni yeye aliyepanga watu. Mama yake kitandani. Kahambu na kichanga miguuni pa mama, amejikunja kama kitambaa. Tulishusha bidons, madumu ya mafuta yaliyokuwa juu ya paa, watoto wawili wakakaa pale, Katungu amewafunga kwa pagne, kitenge chake. Mzee wa kikohozi akasimama kwenye ngazi ya nyuma, naye amefungwa kwa pagne. Kila nafasi ambayo angekaa yeye, alimweka mtu.

«Panda kwa boneti,» nikamwambia.

«Kwa boneti utaona njia namna gani? Utatuua bote.»

«Basi mimi nitembee, wewe...»

«Mi najua kuendesha?» Akanisukuma begani, kama alivyozoea nikimkawiza kwenda kanisani. «Mi niko na miguu. Nitakuja na benye kutembea. Siku mbili, tatu. Endesha pole, mama asiumie.»

Jeep ya mabenchi mawili, vijana, hubeba watu kumi na wawili bila kuwauliza. Hesabu hiyo haihitaji cours du soir.

Tulilala njiani mara moja. Mama mkwe wangu alizaliwa Masereka, kule juu kwenye baridi, katika ukoo unaoshika mambo ya zamani kwa mikono miwili. Kwao mkwe halali mahali alipolala mama wa mke wake. Kwa hiyo nililala chini ya jeep, na mvua ikanyesha. Sauti ya mama mkwe ikanifikia kupitia tundu la hewa.

«Mukwe.»

«Mama.»

«Unalala wapi?»

«Huku chini, mama. Pako muzuri. Niko na tope ya kulalia na tope ya kujifunika.»

Nikamsikia anacheka kidogo. Halafu akauliza:

«Na Katungu?»

Nilisikiliza mvua.

Beni nikawafikisha wote, mama nikamwacha hospitali. Siku ileile nikageuza. Mbele kidogo ya Oicha, barière. Askari wakaizunguka jeep na funguo zao, wakapapasa kila kona, wakakosa. Mmoja akamwambia mkubwa wake: «Chef, hii haina hata bulon moja.» Mkubwa akafikiri. «Basi, mukamate yote.» Wakaikamata yote, na rido. Nikaendelea kwa miguu mpaka pale walipofunga njia, na pale wakanirudisha kwa kitako cha bunduki.

Nikakaa Beni, kwenye mwingilio wa mji, nikiangalia miguu ya watu. Siku ya tatu wakafika wa kwanza. Mwanamke mmoja akaniambia alimwona Katungu kwenye daraja, amebeba mtoto wa mtu. Mwanaume mwingine akasema hapana, kundi la Katungu lilikata kulia, kupitia msitu, kuelekea Mangina. Siku ya nane wakafika wa mwisho. Nikaenda Mangina. Niliuliza parokiani, niliuliza kwa Waprotestanti, niliuliza sokoni kwa wauza-samaki, ambao hujua kuliko wote. Jina lake lilikuwa la wanawake wengi, kila mara waliniletea Katungu, na kila mara nilisimama.

Mama mkwe nilimleta Butembo kwa camion, juu ya magunia. Nyumba nikampa yeye. Mimi nikahamia garage, hatua kumi kutoka mlango wake, nikalala kwenye godoro la zamani kati ya resori. Katika ukoo wao mkwe hali mbele ya mama wa mke wake. Maadamu binti yuko hai, yuko kati yenu, na heshima ni yake. Kwa hiyo yeye alipika akiwa amekaa kwenye kigoda, akaweka sahani yangu kwenye dirisha, akagonga bati kwa kijiko. Mimi nilikula upande wa nje, yeye upande wa ndani, ukuta katikati. Tuliongea kupitia dirisha bila kuangaliana: bei ya maharage, vitunguu vya majani vya Masereka, dereva gani amepita kutoka Eringeti na amesema nini. Miaka mingi. Wateja waliniona nakula nimeegemea ukuta, wakadhani mke wangu amenifukuza. Niliwaambia ndiyo, amenifukuza, mpaka achoke.

Jioni moja kijiko hakikugonga. Nilingoja. Nikaenda dirishani, hapakuwa na sahani. Nikazunguka mpaka mlangoni, nikaona meza imesogezwa katikati ya chumba, na juu yake sahani mbili, moja upande huu, moja upande ule, na yeye amekaa, ameweka fimbo yake chini.

«Kakule,» akaita. Hakusema mukwe. «Ingia ukule.»

Nikasimama kizingitini, mikono imejaa grisi.

«Mama, tungoje kidogo tena.»

«Nimengoja, mwanangu,» akasema. «Nawa mikono.»

Nikanawa. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake nikamwona macho. Yalikuwa ya Katungu. Tukaanza kula.